FISH ya HER2 hatua kwa hatua: usicheze na pepsini

Karibuni tena. Slaidi niliyonayo mezani ni ya saratani ya matiti. Ilipimwa HER2, protini inayochochea seli kukua, kwa rangi ya kawaida ikatoka 2+, yaani haijulikani iko upande gani. Leo tunahesabu jeni yenyewe ya protini hiyo kwa probu zinazong'aa, kipimo kinachoitwa FISH, na hesabu hiyo ndiyo daktari ataitumia kuamua kama mgonjwa apewe trastuzumab, dawa inayolenga HER2. Kwa hiyo ukifika kwenye pepsini, kimeng'enya kinachokula protini, tafadhali usiruke mbele.

Probu ni kipande cha DNA kilichotiwa rangi, na kinajishikiza mahali pake tu. Ya chungwa inashika jeni ya HER2. Ya kijani inashika sentromia, yaani sehemu iliyobanwa, ya kromosomu 17, kromosomu ambayo jeni hiyo imo. Seli ya kawaida ina nukta mbili za chungwa na mbili za kijani.

Kukata tishu mnakujua: mikromita 4 hadi 5, slaidi zenye chaji ili tishu isinyanyuke, kisha usiku mzima kwenye nyuzi 60. Zailini ya kuondoa nta, ethanoli, kausha. Napita haraka.

Duara hili nimelichora kwa kalamu ya almasi upande wa chini wa kioo, nikifuata alama ya mwanapatholojia. Ndani yake kuna saratani iliyokwisha kupenya. Pembeni kuna ile ambayo bado imefungwa ndani ya vifereji vya maziwa. Hiyo haihesabiwi hata ikiwa inawaka kama nini.

Sasa slaidi inaingia kwenye myeyusho wa nyuzi 80. Muda fuateni maelekezo ya seti yenu. Suuza, halafu twende kwa pepsini.

Hapa polepole. Fomalini, dawa ya kuhifadhi tishu, imezifunga protini zikawa kama wavu kuzunguka DNA, na pepsini inaula wavu huo ili probu ipate njia. Ikila kidogo, probu haiingii: utaona ukungu wa kijani na nukta zilizofifia. Ikila kupita kiasi, kiini chenyewe cha seli kinaharibika. Kuna siku niliacha slaidi ndani ya pepsini dakika kumi zaidi nikihangaika na kazi nyingine. Niliporudi, viini vilikuwa na matundu katikati, kingo zimeyeyuka. Kile kilikuwa kipande cha mwisho cha sampuli ile, na mama yule alilazimika kuchomwa sindano ya biopsi upya. Sijasahau.

Kwa hiyo: nyuzi 37, saa ya kengele mbele ya macho, wala usiondoke. Anza na muda mfupi. Tia DAPI kidogo, rangi ya samawati inayoshika DNA, angalia kwenye hadubini. Kiini kinatakiwa kiwe cha samawati, kimejaa, na ukingo wake uonekane. Kama bado kuna ukungu, rudisha dakika chache. Ikipungua unaongeza, ikizidi, hakuna dawa. Na uliza tishu ilikaa kwenye fomalini muda gani. Inatakiwa saa 6 hadi 72, na nje ya hapo hata pepsini nzuri haikusaidii.

Nazima taa, maana mwanga unazifubaza rangi za probu. Picha itakuwa giza kidogo, vumilieni. Mikrolita 10 juu ya duara, kioo cha kufunikia kinashuka taratibu kutoka upande mmoja... ngoja. Mnakiona kile kipovu? Kiko juu ya saratani kabisa. Hapo probu haitagusa. Nakisukuma kwa ncha ya koleo, taratibu, hadi ukingoni. Haya, kimetoka. Zungusha gundi ya mpira pande zote nne bila kuacha mwanya, kwa sababu pakikauka, nukta hakuna.

Mashine inapandisha joto, nyuzi mbili za DNA zinaachana, kisha inashuka hadi nyuzi 37. Tunaonana baada ya saa 14 hadi 18.

Asubuhi njema. Gundi inavuliwa, na kioo cha juu kiache kiteleze chenyewe ndani ya maji ya kuoshea. Ukikivuta kinaondoka na tishu. Muosho wa moto ni nyuzi 72, dakika mbili. Pima kwa kipimajoto ndani ya chombo chenyewe, usiamini namba ya mashine. DAPI, funika, gizani.

Na hii ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote: viini vya samawati, na ndani yake vishada vya chungwa kama makaa. Nukta mbili zikigusana, ziandike moja. Viini vilivyolaliana, viache. Kumbuka kisu kimekata baadhi ya viini katikati, ndiyo maana hatuamini kiini kimoja. Tunahesabu angalau 20 na kuangalia uwiano wa chungwa kwa kijani. Uwiano ukifika 2.0, na wastani wa HER2 ukifika 4.0 kwa kila seli, ni chanya, yaani jeni imezidi.

Hesabu yangu kwa viini 20: chungwa 142, kijani 44. Uwiano 3.2, wastani 7.1. Chanya.

Slaidi inaingia kwenye boksi jeusi, friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Kesho mwenzangu atahesabu upya, na karatasi yangu hataiona mpaka amalize yake.