Mwendo Huamuliwa na Aliye Nyuma: Safari Ndefu ya Baiskeli na Wenzetu wa Kazini

Ndugu zangu, habari za jioni. Nashukuru kwa kunialika, na nimefurahi kusikia kwamba wengi wenu hamjawahi kupita kilomita 20 juu ya baiskeli. Ninyi ndio niliotaka kuzungumza nanyi, pamoja na wale wachache waliokubali kubeba jukumu la kuwaongoza.

Katika safari ya kundi la watu wageni wa baiskeli, mwendo si wa kiongozi, si wa bosi, wala si wa yule kijana mwenye mapafu mazuri. Mwendo ni wa mtu aliye nyuma kabisa. Kabla ya kuondoka kila mtu huitikia jambo hili kwa kichwa, na kilima cha kwanza kikifika kila mtu hulisahau. Kwa hiyo leo nitazungumza zaidi juu ya namna ya kulishika tukiwa njiani.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1897 waendesha baiskeli wa Italia walisafiri kutoka Roma hadi Napoli ndani ya siku moja, na kutokana nao likazaliwa jina la Audax, yaani safari ndefu za baiskeli zisizo za kushindana. Mwaka 1904 Henri Desgrange, aliyekuwa ameanzisha mashindano ya Tour de France mwaka mmoja tu nyuma yake, akaupeleka mtindo huo Ufaransa. Safari za Audax za kundi zipo mpaka leo. Kuna nahodha wa barabara, kundi zima linakwenda pamoja kwa wastani wa kilomita 22.5 kwa saa, na hakuna anayeruhusiwa kumpita nahodha. Ninachokipenda katika utaratibu huo ni kwamba uliwekwa na mtu aliyeyajua mashindano vizuri kuliko karibu kila mtu wa zama zake. Nguvu za kukimbia walikuwa nazo, wakachagua kufika pamoja.

Kwenu ninyi, kilomita 22.5 kwa saa ni nyingi mno. Pangeni 15 au 16 penye tambarare, na kilima kiamue chenyewe. Najua wapo watakaosema mwendo huo ni wa kuchosha kwa upole wake. Sikilizeni hesabu ya upepo. Nguvu unayotumia kuusukuma upepo hukua kwa kasi iliyozidishwa kwa yenyewe mara tatu. Ukitoka kilomita 15 kwa saa kwenda 20, upepo unakudai zaidi ya mara mbili ya nguvu ulizokuwa unatoa. Mwenye mazoezi hawezi kuona tofauti hiyo, mgeni anaimaliza akiba yake bila kujua. Ukimwona anafuata vizuri kwa nusu saa usidhani ameweza. Anakopa, na deni atalilipa kilomita 30 mbele.

Sasa nije kwenye jambo linalofanya kundi la ofisini liwe tofauti na kundi la marafiki. Ofisini kuna vyeo, na vyeo havibaki getini safari ikianza. Karani aliyeajiriwa juzi hawezi kumwambia mkuu wa idara, "Naomba tusimame." Mkuu wa idara naye hataki vijana wake wamwone anahema. Matokeo yake mnapata watu kumi wanaoteseka kwa adabu.

Ndiyo maana swali la "Uko sawa?" halifai kitu barabarani. Kila mtu atajibu, "Niko sawa." Atajibu hivyo akiwa haoni vizuri kwa uchovu. Uliza kitu chenye jibu linalopimika: "Chupa yako imebaki na maji kiasi gani?" "Mara ya mwisho umekula lini?" "Vidole vinakufa ganzi?" Kisha tumia macho. Aliyekuwa anapiga soga na sasa amenyamaza, mkaribie. Angalia mabega: ya mtu mchovu hupanda mpaka karibu na masikio. Magoti yake hufunguka kwenda nje, kichwa hakinyanyuki, na kwenye kona anatoka nje ya mstari wake. Kwa mgeni dalili hizo hutangulia maneno kwa kilomita kadhaa.

Na wewe mkuu wa idara, kama upo humu, nina ombi moja zito. Uwe wa kwanza kusema, "Mimi nimechoka, tupumzike." Sema hata kama bado una nguvu kidogo. Ukilisema mara moja kwa sauti, wote walio nyuma yako wamepata ruhusa. Unahodha pia usiuchukue kwa sababu ya cheo. Apewe anayeijua njia na anayeweza kujizuia. Mwenye uzoefu kuliko wote asikae mbele kabisa, akae nyuma, awe mlinzi wa nyuma. Hapo ndipo pancha hutokea, cheni hutoka, na mtu hukata tamaa. Asimpite mtu yeyote mpaka mwisho wa safari.

Wiki chache kabla, kagueni baiskeli za wenzenu, na mwanzo wa ukaguzi ni kiti. Naomba nilieleze hili taratibu maana linaokoa magoti. Mwenzako apande, wewe simama mbele yake, bana gurudumu la mbele katikati ya magoti yako na ushike usukani kwa mikono miwili ili asiyumbe. Mwambie azungushe pedeli kinyumenyume mpaka moja iwe chini kabisa, aweke kisigino juu yake. Mguu unatakiwa unyooke pale pale, bila nyonga kuinamia upande mmoja. Ukinyooka, mwambie aweke sasa sehemu pana ya unyayo, ile iliyo nyuma ya vidole. Goti litakunjika kidogo. Hicho ndicho kimo chake. Kaza, kisha zungushia utepe kwenye bomba la kiti ili kikishuka njiani mjue.

Karibu kila mgeni atalalamika kwamba kiti kimepanda mno. Amezoea kukaa huku nyayo zote zikigusa ardhi, na hofu yake ni ya kweli, msimcheke. Mpandishieni kwa hatua: leo kidogo, wiki ijayo kidogo tena. Mfundisheni kusimama kwa kuteleza mbele ya kiti na kuweka mguu mmoja chini, kwa sababu hofu hiyo hasa ni hofu ya kusimama. Akiachwa na kiti cha chini kwa kilomita 60, magoti yake yatauma kesho yake na hatarudi tena.

Kwenye gia, msisitizo wangu ni miguu myepesi. Mgeni hupenda gia nzito kwa sababu anahisi anafanya kazi. Muda wa sekunde 15, hesabu mguu wa kulia umeshuka mara ngapi. Ikiwa ni 18 hadi 20, umo vizuri. Ikiwa ni 12, legeza gia. Na gia ya kilima hubadilishwa kabla ya kilima. Ukingoja mpaka cheni imekaza kwa uzito wako wote, italia na huenda ikatoka.

Wengi wameniuliza kama wafuatane kwa karibu kama wale wanaowaona kwenye mashindano. Hapana. Wale wanakwenda kwa kasi ambayo kujificha nyuma ya mwenzako kunaokoa sehemu kubwa ya nguvu. Kwa kilomita 15 kwa saa faida hiyo ni ndogo sana na hatari yake ni kubwa. Gurudumu lako la mbele likigusana na la nyuma la mwenzako, anayeanguka ni wewe. Acheni nafasi ya baiskeli mbili. Kama mko 12, gawanyikeni makundi mawili ya watu sita, na kati yake muache pengo ambalo gari linaloyapita linaweza kuingia bila kuwabana.

Kwenye nafasi hizo kuna jambo ambalo manahodha wengi hawalioni, kwa kuwa hutokea nyuma ya migongo yao. Kundi huvutika. Nahodha akipunguza mwendo kwenye kona, kila mtu hupunguza zaidi kidogo ya yule wa mbele yake. Nahodha akimaliza kona na kuongeza mwendo, yule wa mwisho bado yuko kwenye kona, karibu amesimama. Sasa lazima akanyage kwa nguvu ili awafikie. Kona inayofuata, tena. Mwisho wa siku wa nyuma wamekimbia mbio fupi nyingi ambazo wa mbele hawajawahi kuzisikia, na watu hao wa nyuma ndio dhaifu wenu. Dawa ni nahodha kutoongeza mwendo baada ya kona, au baada ya kilele cha mlima, mpaka mlinzi wa nyuma apulize filimbi. Nunueni filimbi. Naithamini kuliko vifaa vingi vya bei kubwa.

Na mapumziko, jamani! Hapa naumia kila nikiona kundi linavyofanya. Wenye kasi wanafika kivulini, wanakaa robo saa, wanakunywa, wanapiga picha. Wa mwisho anaingia akihema, na wanasimama wote: "Haya, amefika, twende!" Aliyechoka kuliko wote ndiye aliyepumzika kidogo kuliko wote. Saa ya mapumziko ihesabiwe kuanzia wa mwisho anapoegesha baiskeli. Ikiwa ni dakika 10, ziwe 10 zake. Simameni mara nyingi na kwa muda mfupi, kila baada ya dakika 45 hivi, kwa kuwa mkikaa sana miguu huganda na kuanza tena huwa adhabu.

Kuhusu kula sitakawia. Akiba ya sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini humtosha mtu kama saa moja na nusu mpaka mbili za kazi ngumu. Ikiisha, mtu hulegea ghafla, hutetemeka, hukasirika bila sababu. Kwa hiyo kula kuanze ndani ya saa ya kwanza, kabla ya njaa, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi mbivu moja ya wastani inakupa kama gramu 25, kwa hiyo mnaona kwamba si karamu. Maji, nusu lita kwa saa ni kianzio, jua likiwa kali yazidi. Lakini msishindane kunywa, maana maji mengi kupita kiasi bila chumvi huipunguzia damu sodiamu, na hiyo ni hatari ya kumpeleka mtu hospitali.

Vidole vikifa ganzi, hasa kidole kidogo na cha pete, ni neva inayopita kwenye kiganja imebanwa na usukani. Badilisheni mkao wa mikono kila mara, viwiko vikunjike kidogo. Na bukta zile zenye sponji huvaliwa bila chupi. Naona wengine wanatazamana, lakini lazima lisemwe: mshono wa chupi ndio unaochubua.

Breki nitaiongelea kwa sababu ya mteremko. Wageni wengi wameonywa wasiguse breki ya mbele, na onyo hilo linawaangusha. Unapofunga breki uzito wako husogea mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo lenye mshiko na ndilo linalosimamisha baiskeli. Tumieni zote mbili pamoja, taratibu, huku makalio yakisogea nyuma ya kiti na mikono ikijikaza. Fanyeni mazoezi hayo kwenye uwanja mtupu, siku tofauti na safari. Mteremko mrefu usishuke ukiwa umebana breki mfululizo, bana na achia, bana na achia, ili rimu, yaani duara la gurudumu linaloshika tairi, zisipate moto. Kama breki zako ni za kubana rimu na mvua imenyesha, anza kufunga mapema sana.

Lililobaki ni pancha, na kosa linaloirudisha. Mtu anatoa tyubu, anaweka mpya, anajaza upepo, na baada ya kilomita mbili gurudumu limelala tena. Mwiba ulikuwa bado kwenye tairi. Kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha vidole ndani ya tairi yote polepole, kwa uangalifu maana kipande cha waya hukata. Jaza tyubu ya zamani upepo kidogo, tafuta tundu, uilaze kando ya tairi valvu ikitazamana na pale ilipokuwa. Tundu litakuonyesha mahali pa kutafuta. Ukikuta matundu mawili yaliyokaa sambamba, usitafute mwiba, tyubu imebanwa na rimu kwa sababu upepo ulikuwa mdogo. Na pancha ya mmoja ni kituo cha wote. Asiachwe mtu na mlinzi wa nyuma peke yao huku wengine wakitokomea.

Nimekuja na magurudumu mawili, yako pale karibu na mlango, pamoja na pampu, viraka, na vijiti vya kubandulia tairi. Moja nimeliwekea mwiba kabla sijaingia. Kwa hiyo kabla ya maswali, naomba wale ambao hawajawahi kubandua tairi kwa mikono yao watangulie mbele, na wazoefu wakae nyuma yao wakiwa kimya.