Jela Iliyozungushwa kwa Mkono

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Salim, uliniahidi leo tunakwenda jela.

SALIM: Tunakwenda Crawfordsville, dada yangu, mji mdogo wa jimbo la Indiana, Marekani. Na tuelewane mapema: jela ya kaunti siyo gereza kubwa la vifungo virefu. Humo hukaa mahabusu wanaongoja kesi, na waliohukumiwa muda mfupi.

ZUHURA: Yaani wengine hata hatia haijathibitishwa.

SALIM: Hilo ulishike. Mwaka 1881, William H. Brown na Benjamin F. Haugh wa Indianapolis walipata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ya jela inayozunguka. Mwaka uliofuata ya kwanza ikafunguliwa Crawfordsville. Sasa chukua chenza, limenye, lisimamishe. Kila kipande ni selo. Ghorofa mbili, selo 8 kila ghorofa, zote zimeshikamana na mhimili mmoja. Kuzunguka nje kuna ukuta wa nondo usiosogea, na kila ghorofa ina mlango mmoja tu.

ZUHURA: Mmoja kwa selo nane?

SALIM: Mmoja. Askari anashika mkono wa chuma, anauzungusha, gia zinasukuma, na pipa zima linageuka mpaka selo anayoitaka ifike mlangoni. Wale saba wengine wanatazama nondo. Brown na Haugh waliandika wazi kwenye hataza kwamba shabaha yao ni mahabusu adhibitiwe bila mlinzi kulazimika kukutana naye.

ZUHURA: Na choo je?

SALIM: Kila selo ilikuwa nacho, upande wa ndani, na uchafu ukashuka katikati ya mhimili. Hapo niwape haki yao. Zama hizo mahabusu wengi walikuwa wakipewa ndoo.

ZUHURA: Sawa, lakini mtu akilala mkono umetokeza nje, na chuma kinageuka?

SALIM: Ndiyo yaliyotokea. Mikono na miguu ilibanwa, mifupa ikavunjika. Mchoro ulihesabu selo, haukumhesabu mtu anayejigeuza usingizini.

ZUHURA: Subhanallah. Na moto ukiwaka?

SALIM: Unamtoa mmoja, unazungusha, unamtoa wa pili. Ndiyo maana mengi ya majengo haya yalikuja kukazwa yasizunguke tena. Lile la Council Bluffs, Iowa, la mwaka 1885, lina ghorofa tatu. Watu waliliita kizimba cha kindi. Lilitumika mpaka 1969. La Crawfordsville lilitoa mahabusu wake wa mwisho 1973, na sasa ni makumbusho. La tatu liko Gallatin, Missouri. Hayo matatu ndiyo yaliyobaki.

ZUHURA: Mimi ningeyabomoa, kaka. Kweli kabisa.

SALIM: Mimi sikubali. La Crawfordsville sasa linaweza kuzungushwa tena. Ukiona nondo zinavyopita karibu na selo, huhitaji kuelezwa kuhusu ule mkono uliovunjika. Likibomolewa, tutabaki na mchoro, na mchoro wenyewe ni mzuri sana, unavutia.

ZUHURA: Hapo umenigusa. Na kwa mbele, linaonekanaje?

SALIM: Nyumba! Nyumba ya matofali ya familia, ya kuishi sherifu, yaani mkuu wa usalama wa kaunti, na mkewe na watoto. Jela imeungwa nyuma yake. Kaunti nyingi za Marekani zilijenga hivyo, sherifu akalala karibu na funguo zake.

ZUHURA: Nani aliwapikia mahabusu?

SALIM: Katika kaunti nyingi, mke wa sherifu. Jiko lile lile la watoto wake.

ZUHURA: Basi hao wavumbuzi walihangaika na gia ili mlinzi asimkaribie mahabusu, na huku nyuma ya ukuta kuna mama anawapakulia chakula.

SALIM: Kila siku, dada.