Silaha ya Pili: Mkono Utaikuta Wapi?

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Nimeombwa niseme juu ya silaha ya pili, ile ambayo askari huifunga mwilini huku akiomba asiiguse. Nitaanzia hapa hapa mkoani kwetu, Kondoa.

Usiku wa tarehe 9 Mei 1916 kuamkia tarehe 10, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, aliwapandisha askari wake vilimani Kondoa Irangi, kuwakabili Waafrika Kusini wa Jenerali van Deventer, waliopigana upande wa Waingereza. Askari wake wengi walikuwa watoto wa nchi hii, na baadhi ya bunduki za jeshi lile zilikuwa bado Mauser za mwaka 1871. Hiyo ni risasi moja tu: piga, fungua komeo, toa ganda, tia nyingine. Sasa weka giza, mawe, na adui hatua tano mbele yako. Ukishapiga ile moja, umeshika rungu. Walipanda tena na tena usiku ule, wakarudishwa.

Mtaniambia singe ilikuwepo. Kweli. Lakini singe inakaa kwenye mdomo wa bunduki. Adui akiidaka bunduki, zimekwenda zote mbili. Na ile ya Waingereza ya mwaka 1907 ilikuwa na ubapa wa chuma wa sentimita 43 hivi. Ndani ya handaki huna hata pa kuigeuzia.

Majirani zetu Wahehe walilijua jambo hili mapema. Mpiganaji alibeba mikuki myepesi ya kurusha, na mmoja mzito wa kuchoma. Huo mzito haurushwi, hata iweje. Tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo, kikosi cha Wajerumani cha kamanda Zelewski kilivamiwa kikiwa safarini, watu wakakutana kifua kwa kifua. Zelewski alikufa pale pale, na Wahehe wakaondoka na bunduki zipatazo 300.

Kwa hiyo mtu akiniuliza bastola gani ni bora, namjibu kwanza kwa swali: mkono wako utaikuta wapi? Tokarev ina risasi kali, lakini usalama wake ni kile kituo cha nyundo nusu tu, yaani nyundo kuzuiwa katikati ya njia. Wengi huibeba chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, ikiwa tupu, na kuikoki kunataka mikono miwili. Mkono mmoja ukiwa umekamatwa, je? Makarov ni dhaifu zaidi, risasi nane, gramu 730 hivi, lakini ina kifungo cha usalama kinachoshushwa kwa dole gumba. Mimi nachagua Makarov, na sioni haya kusema hivyo.

Nina sababu. Katika mazoezi, nikiwa kijana, bunduki yangu ilikwama ganda likiwa limebanwa kwenye chemba. Nikapeleka mkono kiunoni kama nilivyofundishwa. Nikashika chupa ya maji. Mkanda ulikuwa umezunguka nilipokuwa natambaa, bastola iko mgongoni. Aliyeigiza adui alikuwa ameshanigusa shingo. Tangu siku ile nafunga ala kwa kamba mpaka pajani, na kisu nakiweka kifuani, mpini chini, mahali ambapo mkono wowote unafika.

Kijana wa shati la bluu, njoo mbele. Chukua kisu hiki cha mti, kichomeke popote unapopenda. Haya, lala kifudifudi. Mkono wa kulia uweke chini ya tumbo, usiutoe. Mimi nakukandamiza bega hivi. Sasa kichomoe.