Scarborough hadi Whitby: Baiskeli Juu ya Tuta la Reli

KAKA: Karibuni. Leo tuko Yorkshire, Uingereza, kwenye reli ya pwani kati ya miji ya Scarborough na Whitby, iliyofunguliwa 1885 na kufungwa 1965. Sasa ni njia ya baiskeli ya kilomita 35 hivi, inaitwa Cinder Track. Dada, tuanzie kwenye hilo jina.

DADA: Jina ndilo linaloeleza njia yenyewe, kaka. Reli nyingi hutandikwa kokoto za mawe chini ya mataruma. Hapa walitandika masalia ya makaa ya mawe yaliyoungua, ndiyo "cinder" kwa Kiingereza, vipande vyepesi vyenye vitundu. Vikikanyagwa miaka na miaka husagika vikawa unga mweusi, na unga huo hunywa maji.

KAKA: Ndiyo maana mvua ikinyesha panageuka tope.

DADA: Hasa pale njia ilipochimbwa katikati ya kilima. Maji hushuka pande zote mbili, na majani yakiziba kalvati, yaani mfereji unaopita chini ya njia, maji yanakosa pa kutokea. Ukimwaga changarawe juu ya tope hilo umepoteza pesa, maana itazama. Kwanza zibua kalvati na chimba mitaro ya pembeni, ndipo utandike mawe na kuyashindilia, katikati pakiwa pameinuka kidogo ili maji yatiririkie kando.

KAKA: Kwa hiyo tairi nyembamba za barabarani hapana.

DADA: Hapana kabisa. Milimita 40 au zaidi, zenye meno. Mtu wa kilo 75 ajaze upepo wa paundi 35 (psi, kipimo cha pampu) mbele na 40 nyuma. Ukizijaza hadi ziwe ngumu kama jiwe, zitarukaruka juu ya mizizi na gurudumu la nyuma litateleza kwenye mpando. Ukipunguza mno, tyubu itabanwa kati ya jiwe na rimu, na utapata pancha ya matundu mawili yaliyokaa sambamba. Bebeni tyubu mbili, maana kuna vichaka vya miba kando ya njia.

KAKA: Na mpando? Watu husikia "reli" wakadhani ni tambarare.

DADA: Si hapa. Kileleni ni kijiji cha Ravenscar, mita 190 na kitu juu ya bahari. Kutoka upande wa Robin Hood's Bay, kijiji cha pwani, mpando ni moja kwa 39, yaani kila mita 39 unapanda mita 1. Kwa treni huo ni mkali. Ukungu wa bahari ukilowesha reli, magurudumu ya chuma yalikuwa yanateleza. Kwa baiskeli ni mpole, ila hauishi. Weka gia nyepesi mapema, kaa kwenye kiti, usisimame kukanyaga, maana uzito ukihama gurudumu la nyuma linakosa mshiko.

KAKA: Mimi ningemshauri mgeni aanzie Scarborough. Akishafika Ravenscar, anateremka akiiona ghuba yote chini yake.

DADA: Naafiki, lakini ateremke taratibu. Breki ya mbele ikishikwa ghafla juu ya unga ule, gurudumu linakimbia. Tena ni njia ya waenda kwa miguu na farasi pia: piga kengele mapema, na ukikaribia farasi kwa nyuma sema neno, akusikie kabla hajashtuka.

KAKA: Wageni hupotea wapi?

DADA: Scalby na Robin Hood's Bay. Huko nyumba zimejengwa juu ya tuta, kwa hiyo unatoka, unapita mitaani, kisha unarudi njiani. Fuata vibao vya njia namba 1 ya taifa.

KAKA: Halafu karibu na Whitby kuna daraja la Larpool, matao 13 ya matofali juu ya mto Esk.

DADA: Pale shuka, simama kidogo. Utauona mji na mto. Ukifika mjini, osha mnyororo siku hiyohiyo kwa maji yasiyo na kasi, ukaushe, utie mafuta. Unga ule ukiachwa ukauke, unasaga mnyororo na meno ya gia kama msasa.