Malaika wa Kutu na Madiwani Waliotukanwa

ZUHURA: Haya, karibuni tena. Mimi Zuhura niko Tanga, na hilo mnalolisikia ni feni, msinilaumu. Kaka Bakari yuko Gateshead, kaskazini mwa England. Leo kaniahidi habari za sanamu.

BAKARI: Naam, dada. Nikiwa kwenye basi la kwenda kazini naiona juu ya kilima. Wenyewe wanaiita Malaika wa Kaskazini. Urefu mita 20, na mabawa ncha hadi ncha mita 54.

ZUHURA: Mita 54? Si ndege hiyo!

BAKARI: Dreamliner ya Air Tanzania ina 60, kwa hiyo haijaachwa mbali. Na usidhani ni shaba au marumaru. Ni chuma, tani 200, kimeachwa kishike kutu makusudi. Kile kitabaka cha juu kikishatulia kinazuia kutu isile ndani. Rangi yake ndiyo hiyohiyo kutu.

ZUHURA: Bibi yangu angesema wamekosa hata pesa ya kuipaka rangi.

BAKARI: Na watu wa hapa walisema hivyohivyo! Ila tutafika. Mbunifu ni Antony Gormley, lakini mwenye mali ni halmashauri. Wao ndio waliomtafuta. Tangu miaka ya 1980 walikuwa wakiweka sanamu ndogondogo mitaani na kwenye bustani, kwa hiyo walishazoea kufanya kazi na wasanii. Gormley mwanzoni alikataa, kwamba yeye si mtu wa kutengeneza mapambo ya kando ya barabara. Kilichomgeuza moyo ni kilima chenyewe. Pale palikuwa na mgodi wa makaa ya mawe, na yalikuwapo mabafu ambako wachimbaji walikuwa wakioga wakitoka chini.

ZUHURA: Sasa pesa, kaka. Nani alilipa?

BAKARI: Jumla ni pauni 800,000. Humo, 584,000 zilitoka Arts Council, ambalo ni baraza la sanaa la taifa, kwenye fungu la bahati nasibu ya taifa iliyoanza 1994. Umoja wa Ulaya ulitoa 150,000. Northern Arts, bodi ya sanaa ya kanda, 45,000. Zilizobaki ni wafadhili wa biashara.

ZUHURA: Subiri, naandika... Mbona halmashauri siioni hapo?

BAKARI: Huioni kwa sababu haikuja na fedha. Ilikuja na ardhi, kibali cha ujenzi na watumishi wa kukimbizana na makaratasi.

ZUHURA: Na matusi.

BAKARI: Matusi ndiyo mchango mkubwa kuliko yote! Waliambiwa madereva watashangaa sanamu wapate ajali. Wakaambiwa televisheni hazitashika. Lakini kubwa lilikuwa hili: fedha hizo si zingekwenda hospitali?

ZUHURA: Kaka, swali hilo hata mimi nauliza. Si la kulicheka.

BAKARI: Silicheki. Ila fungu lile la bahati nasibu lilitengwa kwa sanaa. Gateshead wangelikataa, lisingehamia wodini. Lingekwenda kwenye sanaa ya mji mwingine. Diwani ilibidi asimame mbele ya watu aliokulia nao, ambao migodi na viwanda vimewafungia milango, awaeleze jambo hilo moja, na aeleweke. Mtu wa baraza la taifa hana mkutano wa namna hiyo. Akishasaini anarudi London. Ndiyo maana mimi sikubali mtu akiniambia mwenye hundi ndiye aliyejenga.

ZUHURA: Hapo umenigusa. Huku nilikuwa na kikundi cha ngoma, tulitaka vifaa tu, spika na mavazi. Tukaenda halmashauri moja, sitaitaja. Tukaambiwa, nyinyi wasanii, nendeni kwenye mfuko wa sanaa. Mfuko upo, na unakopesha kupitia benki, na benki ina masharti yake. Tukarudi halmashauri kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kukopesha vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Yule bwana akatuuliza, mradi wenu ni kuku au bodaboda?

BAKARI: Kuku au bodaboda!

ZUHURA: Wallahi. Nikamwambia ni ngoma. Akaiweka kalamu mezani, taratibu. Simlaumu sana, fomu yake haikuwa na mahali pa kuandika ngoma. Afisa utamaduni alikuwa chumba cha tatu kutoka pale, hakuna aliyemwita.

BAKARI: Gateshead hicho chumba cha tatu ndicho kilichoita wengine. Sasa nikumalizie. Februari 1998 walimleta Malaika kutoka Hartlepool, mji alikotengenezwa, vipande vitatu juu ya malori, usiku, mwendo wa kobe. Watu wakatoka barabarani kwenye baridi hiyo kuangalia. Na Mei mwaka uleule, Newcastle, timu ya mji jirani, wanaingia fainali ya Kombe la FA, mashabiki wakamvalisha jezi.

ZUHURA: Nani, Malaika?

BAKARI: Jezi namba 9, ya Alan Shearer, imeshonwa kwa kipimo cha Malaika, ikapandishwa kwa kamba. Haikukaa sana, polisi wakaishusha. Na Arsenal wakashinda 2-0.

ZUHURA: Wangewaachia jezi yao basi, maskini.

BAKARI: Lakini tangu siku ile sijui kama kuna aliyeuliza tena Malaika ni wa nani. Baadaye likaja jumba la sanaa la Baltic, 2002, kisha ukumbi wa muziki, 2004, ushirikiano ni uleule. Ila nisikupambie. Septemba 2023 halmashauri ya jiji la Birmingham ilitangaza kwamba fedha zimekwisha, na ruzuku yake kwa taasisi za sanaa ikapangwa kukatwa yote. Baraza la taifa haliwezi kuziba pengo la kila mji.

ZUHURA: Likiziba la Birmingham, Nottingham nao watapiga hodi.

BAKARI: Wao pia walikata. Na hapa Gateshead kwenyewe mambo si shwari, tusidanganyane.

ZUHURA: Kabla hatujaaga, ukishuka kwenye basi ukamkaribia, kuna nini pale chini?

BAKARI: Majani, matope, watoto wanaparamia miguu. Halafu kando kuna miti michache. Watu wamefunga maua, picha za mama zao, skafu za timu, viatu vya watoto waliofariki. Hakuna aliyewapangia. Jumapili iliyopita nilimkuta mzee anafuta fremu ya picha kwa mkono wa koti, akaitundika tena, akarudi nyuma kidogo kuangalia kama imekaa sawa.

ZUHURA: Fungu la bajeti la kazi hiyo linaitwaje?

BAKARI: Nami niambie, dada.