Uso Mkavu wa Msimulizi

Ndugu Mwenyekiti, wageni waalikwa, wasomaji wenzangu,

Riwaya ninayoizungumzia jioni hii, *Three Men in a Boat* ya Jerome K. Jerome, ilichapishwa Uingereza mwaka 1889, na habari yake inasimulika kwa pumzi moja: vijana watatu, yaani msimulizi na rafiki zake George na Harris, pamoja na mbwa wao, Montmorency, wanapanda na mashua mto Thames kutoka Kingston hadi Oxford, na wakati wa kurudi mvua inawashinda. Anayeifungua akitafuta kisa ataifunga mapema. Mimi niliifunga mara mbili, kwa kuwa nilikuwa naisoma mbiombio kama mtu anayepitia gazeti kituoni.

Raha yake imo katika uso mkavu wa msimulizi, yaani kusimulia vichekesho bila hata kutabasamu. Mwanzoni anatueleza kwamba alikwenda kwenye Makumbusho ya Uingereza, akafungua kitabu cha tiba, akajikuta ana kila ugonjwa ulioorodheshwa humo isipokuwa mmoja tu, yaani ule uvimbe wa goti uliokuwa ukiwapata wajakazi kwa kupiga magoti wakisugua sakafu. Tungetarajia ashukuru. Yeye anaona uchungu, kana kwamba ugonjwa huo umemdharau! Daktari anamwandikia cheti, naye anakipeleka kwa mwuza dawa bila kukisoma, kumbe kimeagiza nyama na bia kila baada ya saa sita, matembezi ya maili kumi kila asubuhi, kulala saa tano usiku, na kuacha kujijaza kichwani mambo asiyoyaelewa.

Jerome alikusudia kwanza kuandika habari za mto wenyewe, na mabaki ya kusudio hilo yamo bado katika kurasa za historia, ambazo, niseme kweli, sizirudii mara nyingi.

Ninayoirudia ni habari ya kopo la nanasi. Wamesahau kifungulio. Harris anavunja kisu na kujikata; mkasi unamponyoka George, nusura umtoboe jicho; hatimaye msimulizi anautwaa mlingoti wa mashua na kuushusha kwa nguvu zake zote juu ya jiwe lenye ncha, huku George amelishika kopo, na kofia yake ya majani ndiyo inayomwokoa. Kopo linapondwa likachukua kila umbo, lakini halifunguki, na mbonyeo mmoja juu yake unaonekana kuwacheka, hata Harris anashikwa na ghadhabu na kulitupa katikati ya mto. Someni mahali hapo kwa sauti, polepole, kwa heshima ile ile ambayo mtu angesomea taarifa ya vita, maana msimulizi hakonyezi jicho hata mara moja.

Na baada ya kuusifu mto sura baada ya sura, mashujaa hawa wanaiacha mashua Pangbourne, kijiji cha kando ya mto, wanapanda treni kimyakimya hadi London, wanaketi mkahawani mbele ya chakula cha moto, na Harris anainua glasi kusherehekea kwamba wametoka majini. Montmorency, akichungulia usiku wa mvua dirishani, anabweka kuunga mkono.