Maada giza imeundwa na nini?

Walimu, wanafunzi, na wazee wetu mliotoka Mikindani hadi hapa Mtwara mjini, shikamooni na asanteni kwa kuja.

Historia nitaipitia upesi. Mwaka 1933 mwanaastronomia Fritz Zwicky aliona galaksi, yaani mikusanyiko mikubwa ya nyota, za kundi la Coma zinakwenda mbio kuliko uzito wake unavyoruhusu. Baadaye wanaastronomia Vera Rubin na Kent Ford wakakuta nyota za pembezoni mwa galaksi ya Andromeda hazipunguzi mwendo, wakati zilipaswa kupunguza. Kuna kitu kinazishika, nacho ndicho tunachokiita maada giza. Hakitoi mwanga, na kwa hesabu za leo kinafika kama mara tano ya maada yote tuijuayo.

Ni kitu gani? Huenda ni nyota zilizozimika, au mashimo meusi. Wazo hili napenda kulieleza hapa kwetu, maana anga lililotumika kulipima tunalo. Desemba, mvua ikikata, simameni ufukweni Msimbati usiku wa manane mtazame kusini. Mtaona doa jeupe hafifu, mithili ya kiwingu kisichopeperuka. Hilo ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani. Miaka ya 1990 watafiti wa mradi wa MACHO, wakiwa Australia, walizifuatilia nyota zake karibu milioni 12. Kitu kizito kisichoonekana kikipita mbele ya nyota, uvutano wake hupinda mwanga; nyota huzidi kung'aa, kisha hurudi ilivyokuwa. Matukio waliyopata yalikuwa machache mno kuziba pengo lote la uzito usioonekana.

Basi tutafute chembe. Chembe ziitwazo neutrino tunazijua, ila ni nyepesi na zina mbio kupita kiasi. Zisingetulia zikajenga galaksi. Wengine wanasubiri chembe nzito ziitwazo wimpi. Huko South Dakota, Marekani, karibu kilomita 1.5 chini ya ardhi, tangi lenye tani 10 za zenoni, gesi iliyopozwa ikawa kimiminika, linangoja moja tu igonge kiini cha atomu na kutoa mmweko. Hadi matokeo ya 2024, haijagonga.

Mimi moyo wangu uko kwa chembe nyingine, aksioni. Ilipendekezwa miaka ya 1970 kutatua fumbo jingine kabisa, la nguvu inayoshikilia kiini cha atomu. Haikutungwa kuziba pengo hili, na ndiyo sababu naipa uzito. Ndani ya sumaku kali, aksioni inatarajiwa kugeuka wimbi dogo la redio. Kule Seattle wanalitafuta kwa mtambo uliopozwa mno, wakisogeza masafa ya redio kidogo kidogo, kama mtu anayetafuta stesheni. Masafa mengi bado hayajaguswa, na kazi hiyo inahitaji vijana wa fizikia na elektroniki, wakiwemo wa hapa.

Karibuni maswali. Mama wa mstari wa mbele, anza wewe.